Kiti Kilichotazama Ukuta

Siku Fundi alipofariki, watu wanne walijua kabla ya mke wake. Alijua Bi Birika, aliyemkuta. Alijua mzee Mwashi, aliyeitwa kutoka nyumba ya pili. Alijua Kinyozi, mdogo wake marehemu, aliyeacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Na alijua yule mteja mwenyewe, aliyebaki mbele ya kioo akiuliza, "Sasa mimi niende hivi?" Ndipo mtu akakumbuka kwamba marehemu ana mke.

Mke mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pazia kwa kazi yake, alikuwa chumba cha mbele, amekaa juu ya kreti la soda lililowekewa mto, akishona kwa cherehani pindo la pazia la kijani la mteja wake. Kinyozi alisimama mlangoni na aproni yake ya kazini, nywele za watu zimemganda mikononi. Hakuingia.

"Shemeji, njoo ukumbini."

"Leo si siku ya ukumbi."

"Njoo tu."

"Kaka yako kasahau nini tena? Mwambie chakula chake kiko huku. Na mke wake yuko huku, kama kasahau njia."

Kinyozi alifuta mikono kwenye aproni, kisha akaifuta tena. Mama Pazia aliitazama ile mikono, na mguu wake ukaacha kukanyaga pedali.

Alimkuta Fundi ameshalazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa. Walikuwa wamemfunika shuka la kulalia lenye maua ya zambarau, linalonukia sabuni na moshi wa jikoni. Shuka lile alilijua. Aliwahi kuliona limeanikwa kwenye kamba nyuma ya ukumbi, nje ya kile chumba alichokaa Bi Birika. Kabla hajalia, kabla hata hajamfunua mumewe uso, aliuliza:

"Shuka hili la nani?"

Watu walitazamana.

"Langu," alisema Bi Birika kutoka mlango wa jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane wa siku nyingi, na lile birika lake la bati alikuwa kalishika hata siku ile, kama mtu aliyesahau kuliweka chini. "Ndilo lililokuwa karibu."

"Mume wangu ana mashuka kwake."

Akalivuta. Hapo ndipo alipogundua kwamba ametembea mtaa mzima na pazia la mteja mkononi, uzi wa cherehani unaning'inia. Akamfunika mumewe nalo kuanzia miguuni mpaka kidevuni. Fundi alikuwa mtu mrefu, wa kuinama kila mlango, lakini lile lilikuwa pazia la dirisha kubwa, lilimtosha. Halafu akalia.

Mzee Mwashi, mwenyekiti wa ukumbi, alingoja mpaka kilio kikapungua. Kisha akakiendea kiti ambacho Fundi alikutwa amekikalia, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta msumari alioudondosha, akakiinua kwa mikono miwili na kukigeuza kikatazama ukuta.

Mtu asiyeujua ukumbi ule angedhani ni ghala la viti. Walioujenga ni watu wa kwao Fundi, waliovuka mpaka miaka ya shida wakaja kufanya kazi za watu hapa. Walipofika hawakuwa na pa kukaa. Kwenye vyumba vya kupanga walikaa chini. Kwenye ofisi waliambiwa wasubiri wakiwa wamesimama. Kwa hiyo siku walipopata matofali na bati lao wenyewe, waliwekeana sharti: kila anayevuka apimwe, achongewe kiti chake, si cha mwingine. Fundi ndiye aliyewachongea wote. Alikuja na kamba, akakupima kisigino mpaka goti, nyonga mpaka bega, akafunga mafundo, akaondoka bila maneno mengi. Siku ya kukalia kiti chako, mgongo wako ndio ulikwambia kwamba umefika.

Ilikuwapo miaka ambayo Jumapili watu walijaa mpaka uani. Harusi zilifungwa pale, misiba iliwekwa pale, mtu akitafuta kazi au mchumba alianzia pale. Halafu shida za kwao zikatulia, watu wakaacha kuvuka. Waliokuwapo wakazeeka. Na lile sharti lilikuwa na jino lake: kiti ni cha aliyevuka. Watoto waliozaliwa hapa walikaa kwenye benchi refu la ukutani pamoja na wageni. Wakakua, wakaoana kwenye mahoteli, wakaacha kuja. Mtu akifa, kiti chake kiligeuzwa kitazame ukuta mpaka nyumba yake itoe mtu wa kukigeuza na kukikalia. Nyumba nyingi hazikutoa mtu. Ikafika mahali viti vinavyotazama ukuta vikawa vingi kuliko vinavyotazama jukwaa, na bati likawa linavujia katikati.

Mama Pazia hakuvuka kitu. Alizaliwa mitaa michache kutoka pale, mama yake akiuza mkaa. Aliolewa na Fundi akijua anaolewa na mgeni. Hakujua anaolewa ukewenza. Wanawake wengine wake wenza wao walikuwa wa nyama na damu, unaweza ukagombana nao kisimani yakaisha. Wa kwake alikuwa na kuta nne na paa.

Nyumbani Fundi alikuwa mtu wa neno mojamoja. "Sawa." "Kesho." "Nimeshiba." Ukumbini, kwa lugha ya kwao, alikuwa mtu mwingine: mikono inaruka, macho yanang'aa, watu wanashika mbavu. Walimwita Panzi, kwa sababu kiti chake mwenyewe kilikuwa kifupi, na akikikalia magoti yalimpanda karibu na masikio. Mama Pazia alikaa kwenye benchi akitabasamu pale wenzake wanapocheka, kila mara akichelewa kidogo.

"Kasema nini?" angemwuliza wa pembeni.

"Ah, ukiitafsiri haichekeshi."

Mara moja njiani wakirudi alimwambia, "Wote umewachongea viti vya watu, wewe umejipa cha mtoto. Hata kwako mwenyewe una uchoyo?" Fundi alicheka peke yake mpaka nyumbani. Na nyumbani walikalia viti vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya. Wahenga wanasema mganga hajigangi. Seremala yule naye hakujichongea. Kuna siku moja tu, miaka mingi nyuma, alipomkuta mkewe kwenye cherehani, akachuchumaa na kamba yake, akampima kisigino, goti, nyonga, bega.

"Unanifanya nini?"

"Usitikisike."

Mama Pazia alijua anachongewa kigoda cha kushonea. Alikisubiri. Akaacha kukisubiri. Akabaki na kreti lake la soda, na kila mgongo ulipomuuma alisema kwa sauti, ili mwenye masikio asikie, "Wenye bahati wana viti."

Msiba uliwekwa ukumbini. Hakuna aliyemwuliza, waliona ni jambo linalojulikana, kama maji kufuata bondeni. Waliovuka walikaa kwenye viti vyao. Wake wa waliovuka, ambao nao walivuka, walikaa kwenye viti vyao. Na mke wa marehemu, kwenye msiba wa mumewe, alikaa benchi.

Watu walipokezana kusimama na kumzungumzia Fundi. Walisema kwa lugha ya kwao, na katikati ya machozi wakawa wanacheka, kwa sababu Fundi ndivyo alivyokuwa. Kinyozi alijaribu kumtafsiria. "Anasema siku ile waliyopandisha bati, kaka alikuwa juu, halafu… basi tu, ilikuwa raha."

"Raha," alisema Mama Pazia.

Bi Birika alikuja na chai. Alimpa kila mtu, kisha akasimama mbele ya benchi, akamimina kikombe, akakinyoosha. Mama Pazia alionja, akarudisha.

"Haina sukari."

"Samahani. Mkono umezoea. Hiki kilikuwa kikombe chake."

"Mume wangu anakunywa vijiko vitatu."

Bi Birika alitazama chini. "Huku alikuwa hanywi. Daktari alimkataza."

"Daktari gani?"

"Wa moyo. Mwaka jana."

Kulikuwa na mwanamke amekaa karibu; aliinuka taratibu akaenda kuangalia kitu ambacho hakikuwapo.

"Mwaka jana," Mama Pazia alirudia. "Mimi nimemtilia vijiko vitatu asubuhi na jioni mwaka mzima. Anakunywa. Ananiambia tamu."

"Alisema akikataa chai yako utamwuliza kwa nini."

"Kwani wewe hukumwuliza?"

"Mimi hakuogopa kunisikitisha," alisema Bi Birika. Alilisema kama neno la kuliwaza, na pengine ndivyo alivyokusudia. Lakini Mama Pazia alilisikia vingine. Aliona wazi kama anaona kwa macho: wawili wale jikoni, mchana, ukumbi mtupu, mumewe anazungumza. Anazungumza! Anamwambia mwanamke mwingine kwamba moyo wake umechoka, kwa lugha ambayo mkewe hakuwahi kuijua zaidi ya salamu na matusi mawili. Zamani aliwahi kumwuliza, "Kwani kuna nini kule?" Fundi akajibu, "Kuna chai." Akaridhika na jibu lile kama mjinga.

Alikinywa kile kikombe chote, bila sukari, akimtazama Bi Birika usoni mpaka tone la mwisho.

Fundi alizikwa na pazia la kijani. Mwenye pazia alikuja wiki iliyofuata, akatoa pole, akakaa, akatoa pole tena.

"Na lile pazia langu, mama?"

"Limekwenda na mume wangu."

"Mungu amlaze pema." Mteja akakuna shingo. "Ila dirisha langu liko wazi, mama. Majirani wanatuona tunakula."

Mama Pazia akamshonea jingine kwa kitambaa chake mwenyewe. Alikuwa kwenye kitambaa hicho Kinyozi alipokuja, safari hii bila aproni, amevaa shati la kwenda mkutanoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kile chenye waya, akahamia kingine.

"Shemeji, kuna mtu wa matairi anautaka ukumbi. Aweke ghala."

"Kwani unauzwa?"

"Unaanguka. Bora uuzwe umesimama. Mzee Mwashi hataki, anasema tukiuza tutakufa kama watu wa vyumba vya kupanga, kila mtu peke yake. Nusu wako naye, nusu wako na mimi; viti visivyo na wa kuvisemea havihesabiwi. Nimewahesabu mpaka kichwa kinauma." Akasogeza kiti. "Imebaki nyumba ya kaka. Sasa kiti ni chako. Kiti cha marehemu ni cha nyumba yake, hata kwa asiyevuka. Unajua tunavyoamua?"

"Nimewaona. Benchi halina pazia."

"Basi unajua. Anayekataa kuuza anabaki ametazama jukwaa. Anayekubali anageuza kiti kitazame ukuta. Na kiti cha kaka…" Kinyozi alinyoosha viganja, "…tayari kinatazama ukuta. Wewe hata kidole huinui, shemeji. Njoo, kaa benchi lako, kiache kilivyo. Basi. Na kila kiti kitapata fungu lake, utanunua hata kitu cha kukalia, mgongo wako na hilo kreti nauona mimi."

Mama Pazia alikata uzi kwa meno. "Kwa nini unadhani nitakubali?"

Kinyozi alicheka kidogo, kwa aibu. "Shemeji, sisi sote tumeuchoka. Lakini wewe unauchukia. Hilo hata mwenye matairi ameambiwa."

Cherehani ilizunguka kidogo, ikasimama.

"Na yule wa jikoni ataenda wapi?"

"Bi Birika? Ana mpwa wake, upande wa pili wa mji. Mabasi mawili."

"Mbali."

"Mbali, ndiyo."

Mama Pazia akarudi kukanyaga pedali. Lakini Kinyozi, ambaye maisha yake yote alisoma nyuso za watu kwenye kioo, aliaga akiwa na furaha.

Jioni Mama Pazia alimpigia simu binti yake, aliyeolewa mji mwingine.

"Mama, mimi nimelelewa kwenye benchi lile," alisema binti. "Nikikuambia usiuze nitakuwa mnafiki. Fanya unavyotaka."

"Baba yako aliupenda."

"Najua aliupenda, mama. Swali ni aliupenda kuliko nini."

Salio likaishia hapo.

Siku ya mkutano mvua ilinyesha. Ndoo na masufuria yalitandazwa sakafuni kati ya viti, na kila mtu alipozungumza alizungumza juu ya sauti ya matone. Mzee Mwashi alisimama, akaanza kwa lugha ya kwao, kisha akatazama benchi, akabadilisha lugha. Mama Pazia aliona jambo lile. Mumewe alikuwa ameishi naye umri mzima, na ilibidi afe ndipo ukumbi ule uzungumze naye.

"Mimi si msemaji," alisema mzee. "Tofali hizi nimezipanga mimi. Sisemi zisiguswe. Ninauliza tu: tukishagawana, mtu akifiwa, atamwambia nani? Haya. Kila nyumba ijisemee."

Watu wakaanza kusimama. Wengine walikaa palepale, mikono magotini, wametazama jukwaa kama wanaosubiri picha. Wengine walisimama, wakainua viti vyao, wakavigeuza, wakakaa upya wakiwa wamewapa wenzao mgongo. Miguu ya viti ilikwaruza saruji. Mzee mmoja alishindwa kuinua chake, na jirani yake, ambaye alikuwa hataki kuuza, akainuka akamsaidia kukigeuza, akarudi kukaa. Bi Birika hakukalia cha kwake. Kilikuwa mbele karibu na jukwaa, kitupu, kimetazama mbele. Yeye alisimama mlango wa jikoni na birika lake.

Kinyozi alihesabu kwa midomo. Mwashi alihesabu kwa kidole. Wakafika pamoja.

"Nusu kwa nusu," alisema mzee. "Nyumba ya Fundi."

Vichwa viligeuka, vya waliotazama jukwaa na vya waliotazama ukuta. Mama Pazia alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba magotini. Kiti cha Fundi kilikuwa hatua chache mbele yake, kifupi kati ya wenzake, kimejibandika ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama Pazia." Aliyesema ni Bi Birika. "Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kwenye kiti chake. Kaa tu, halafu useme unachotaka kusema."

"Miaka yote nimekaa hapa. Leo benchi limeota miiba?"

"Nakuomba. Kikalie kidogo."

Mama Pazia aliukaza mkoba magotini. Mwanamke yule alitaka kumwonyesha pa kukaa. Alimfunika mumewe, alijua moyo wake, alijua chai yake, na sasa anamgawia kiti chake mbele ya watu, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni!

"Wewe ndiye wa kunipa ruhusa ya cha mume wangu?"

Bi Birika alifungua mdomo. Akaufunga. Kitu fulani kikapita usoni mwake, kigumu, na alipoongea tena sauti ilikuwa imetulia kabisa.

"La," alisema. "Si mimi."

Akageuka, akaingia jikoni.

"Nyumba ya Fundi," mzee Mwashi alirudia, taratibu.

"Kibaki kilivyo," alisema Mama Pazia.

Hakuna aliyeshangilia. Hata Kinyozi alijitazama viatu. Mzee Mwashi alibaki amesimama akisikiliza matone yanavyoingia kwenye masufuria, kisha akasema neno moja kwa lugha ya kwao, na safari hii hakuna aliyemtafsiria mtu.

Mwenye matairi alitaka ukumbi mtupu. Kila nyumba ikaambiwa ichukue kiti chake. Viti visivyo na nyumba vilichukuliwa na mama lishe wa barabarani; mpaka leo unaweza kupita ukaona mpita njia amekaa, anakula, amejipinda, hajui kwa nini kiti kinamkataa.

Mama Pazia hakwenda kuchukua cha Fundi. Siku ikapita, na nyingine. Alasiri moja akasikia mkokoteni unasimama nje, akainua pazia. Bi Birika alikuwa anamlipa msukumaji. Juu ya mkokoteni kulikuwa na godoro lililokunjwa, beseni, birika, kiti chake mwenyewe, na kiti cha Fundi.

"Niko njiani kwa mpwa wangu," alisema. "Nimeona nikuletee. Wangekichoma."

"Weka hapo."

Bi Birika alikiingiza ndani, akakitua mbele ya cherehani. Alikitua kwa namna ya mtu anayejua kinapotakiwa. Kisha, bila kuombwa, aliliondoa kreti la soda kwa mguu.

"Ninakuomba mara ya pili. Hapa hakuna watu wa kukuona ukinisikiliza."

Labda ni kwa sababu mgongo ulikuwa unauma tangu asubuhi. Labda alitaka tu mtu yule aondoke. Mama Pazia alikaa.

Visigino vilifika sakafuni. Goti lilikaa mahali pa goti. Lile egemeo, ambalo siku zote alidhani limechongwa vibaya kwa kuwa lilimfikia Fundi katikati ya mgongo tu, lilimpokea yeye palepale chini ya mabega, panapouma, na likapashika. Alinyoosha mguu kwenye pedali. Haukupungua wala kuzidi. Akakaa vile, mikono juu ya meza ya cherehani, asithubutu kutikisika, kama mtu anayepimwa.

"Alipokichonga, kina mzee Mwashi walimwambia hapana," alisema Bi Birika. "Mke wako hakuvuka. Leo tukimpa yeye, kesho kila mtu analeta wake. Wakamwambia kichome au kikalie mwenyewe. Akakikalia mwenyewe. Magoti juu, kama panzi. Watu wakimcheka na kumwambia chonga kingine, urefu wako, alikuwa anasema, 'Mwenyewe bado hajafika.' Ndiyo iliyokuwa ikiwachekesha, ile uliyokuwa ukiambiwa haitafsiriki. Waliona aibu kukutafsiria."

Nje msukumaji wa mkokoteni alipiga mluzi wa kuharakisha.

"Ulijua," alisema Mama Pazia. "Siku ile ya mkutano ulijua. Ungesema neno moja tu. Hata chumba chako kingebaki."

"Nilifungua mdomo."

"Ukafunga!"

"Uliniangalia vile." Bi Birika alisawazisha kitambaa kichwani. "Unajua nilivyokionea wivu hicho kiti? Mimi nina changu, nimepimwa kwa haki, hakuna aliyekataa. Lakini hakuna aliyenikalia kiti mimi, magoti masikioni, miaka yote ile, akinisubiri. Yote mengine ya mume wako uliyokuwa ukinionea wivu, chai, maneno, hata ugonjwa wake, alinipa kwa sababu sikuwa kitu. Mtu humwambia siri zake anayemchotea maji. Hili la kiti ndilo jambo pekee nililolijua mimi na wewe hulijui. Nikasema moyoni: acha niende nalo. Tukalale nje wote."

"Na mbona umelileta?"

Bi Birika alifikiri. "Mkokoteni ulikuwa unapita huku."

Hawakukumbatiana. Mama Pazia hakuinuka kwenye kiti, na Bi Birika hakutegemea ainuke. Mluzi ulilia tena. Bi Birika alifika mlangoni, akaona vikombe kwenye kabati, akavitazama kidogo, akatoka.

Ukumbi sasa una matairi mpaka juu, na bati limezibwa. Waliovuka wakifiwa hupigiana simu. Mama Pazia anashona mapazia kama zamani, amekaa kwenye kiti kile, na mgongo umepungua kuuma. Jumapili Bi Birika huja, mabasi mawili. Wanakunywa chai, mmoja kwa sukari na mwingine bila, na Bi Birika hueleza zile hadithi za Fundi moja baada ya nyingine, akizitafsiri. Hukaa kwenye kiti cha plastiki.